Panadol, Brufen, Diklo au Aspirini? Maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu dawa za maumivu

Nafanya kazi famasi hapa Dar na ombi ninalolisikia kuliko yote, kuanzia tunafungua asubuhi mpaka tunashusha geti usiku, ni "nipe dawa ya maumivu". Basi. Maumivu gani, ya nani, ana umri gani, ana ugonjwa gani mwingine, hamna. Nikianza kuuliza wengine wanaona nawachelewesha na daladala inaondoka. Nauliza kwa sababu kidonge kinachomfaa kijana aliyetegua mguu mpirani kinaweza kumlaza hospitali mama mwenye presha, na nimeshaona hilo likitokea kwenye familia yangu, nitasimulia huko chini. Nimeandika hapa maswali yanayojirudia, soma hata lile ambalo unaona halikuhusu maana huenda linamhusu mama yako.

Kwani dawa za maumivu si zote ni kitu kimoja?

Hapana, na hili ukilielewa mengine yote yanakuwa mepesi. Kuna parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol hata kama boksi limeandikwa jina jingine, inatuliza maumivu na kushusha homa lakini uvimbe haiugusi sana. Afu kuna kundi la pili, ndugu wa damu moja: ibuprofeni (wengi mnaijua kama Brufen), diklofenaki, aspirini, naproksini, asidi ya mefenamiki. Hawa wanatuliza maumivu, wanashusha homa, na wanapunguza uvimbe.

Ukiumia mwili unatengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini, ndo zinazoleta maumivu na uvimbe na joto. Kundi la Brufen linazuia hizo kemikali zisitengenezwe. Tatizo ni kwamba kemikali hizo hizo ndo zinalinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi, na ndo zinasaidia damu ifike vizuri kwenye figo, kwa hiyo ukizizima huku unazizima na kule. Ndo maana utaona kila nikitaja tahadhari za kundi hili narudi kwenye tumbo na figo.

Sasa mimi nianze na ipi?

Kama ni kichwa, homa, mwili kuchoka kuchoka na kuuma, anza na parasetamoli. Mtu mzima anameza vidonge 1 au 2 vya miligramu 500, anasubiri angalau masaa 4 mpaka 6 kabla ya kurudia, na kwa masaa 24 asivuke vidonge 8. Kama uzito wako uko chini ya kilo 50, au ini lako lina shida, usifike huko kwenye 8, muulize mfamasia akupangie.

Kama ni maumivu yenye uvimbe ndani yake, yaani umetegua kifundo, jino, tumbo la hedhi, goti limevimba, hapo ibuprofeni mara nyingi inafanya kazi vizuri zaidi, ILA kama tumbo lako, figo zako, presha yako na moyo wako viko salama. Ibuprofeni ya kununua mwenyewe bila daktari ni miligramu 200 mpaka 400 kwa mara moja, baada ya kula, kila masaa 6 mpaka 8, jumla isizidi 1200 kwa siku. Kama ni vile vya 400 hesabu ni vitatu tu, siku imeisha. Na usiendelee zaidi ya siku chache.

Panadol hainishiki tena, mwili umeizoea, nipe ya nguvu

Hili nasikia kila siku jamani. Parasetamoli mwili hauizoei namna hiyo. Ninapokaa na mtu tukaongea vizuri nakuta moja kati ya haya: alimeza kidonge kimoja wakati yeye ni mtu mzima wa kilo 80, au alimeza akaangalia saa baada ya dakika 15 akasema haifanyi kazi (ipe nusu saa mpaka saa nzima), au maumivu yenyewe si ya parasetamoli, au kuna ugonjwa unaendelea kukua chini yake na yeye anaufunika.

Lipo jingine ambalo watu hawalijui kabisa. Ukimeza dawa za maumivu kwa ajili ya kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa zenyewe zinaanza kukuletea kichwa. Kwa zile zenye mchanganyiko, mfano zilizowekwa kafeini, siku 10 tu kwa mwezi zinatosha. Unaamka kichwa kinauma, unameza, kinatulia, kesho tena, na unaona kama huwezi kuishi bila hizo dawa. Mtu wa hivyo hahitaji dawa kali zaidi, anahitaji kuonana na daktari amsaidie kuziacha na kutafuta chanzo cha kichwa chenyewe.

Naweza kuchanganya Panadol na Brufen?

Ndiyo, kwa mtu mzima ambaye Brufen haijakatazwa kwake. Ni makundi mawili tofauti, zinasaidiana, kila moja ukifuata kipimo chake.

Usichoweza kuchanganya ni ndugu wa kundi moja. Brufen na diklo, hapana. Diklo na aspirini ya maumivu, hapana. Hupati nafuu mara mbili, unapata madhara ya tumbo mara mbili.

Na hapa ndo watu wengi wanaangukia bila kujua. Kuna vidonge tayari vina diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, vinauzwa sana huku kwetu. Mtu anameza hivyo, afu anameza Panadol juu yake, afu ana mafua kwa hiyo anaongeza dawa ya mafua ambayo nayo nyingi zina parasetamoli ndani, na jioni anaongeza nyingine. Ukihesabu amevuka vidonge 8 bila kujua, na ukimuuliza atakwambia amemeza Panadol 4 tu. Kwa hiyo usisome jina kubwa la mbele lenye rangi, geuza boksi, soma maandishi madogo uone dawa iliyomo ndani inaitwaje na ni miligramu ngapi. Hata kama miwani umeacha nyumbani mwambie muuzaji akusomee, ni kazi yake.

Nina vidonda vya tumbo, nimeze nini?

Parasetamoli. Achana na Brufen, diklo na aspirini. Watu wananiambia "si nitakula kwanza", kula kunapunguza kuungua tu, hakuzuii kidonda kutoka damu maana dawa inafanya kazi kupitia kwenye damu, hata ukichomwa sindano tumbo linaguswa. Ukiwa umemeza kundi hilo halafu ukaona choo cheusi kama lami, kinang'aa na kinanuka vibaya, au umetapika damu au kitu kama unga wa kahawa, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Mama ana presha na magoti yanamsumbua, diklo inamsaidia sana, kuna shida?

Kuna shida, na hili ndo nililosema nitasimulia. Mama yangu mdogo alikuwa na presha, anameza dawa zake vizuri, moja ya presha na moja ya kutoa maji mwilini. Magoti yakaanza. Jirani akampa diklo, akapata nafuu, akawa ananunua mwenyewe duka la karibu, viwili asubuhi viwili jioni, wiki zikawa miezi. Sisi tunajua anameza dawa za presha tu. Miguu ikaanza kuvimba, presha ikawa haishuki hata akimeza dawa, akawa anachoka, tulipompeleka kupima figo zilikuwa zimeshuka sana. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anatumia nini kingine, na yeye alikuwa haioni diklo kama dawa ya kuitaja, aliiona kama kitu cha kutuliza tu. Alipoacha figo zilirudi kidogo, si zote. Mpaka leo nikiona mama wa umri ule anaomba diklo nasimama naongea naye hata foleni ikiwa ndefu.

Sababu yake ni hii. Kundi la Brufen na diklo linapunguza damu inayofika kwenye figo na linafanya mwili ubaki na chumvi na maji, kwa hiyo presha inapanda na dawa za presha zinapoteza nguvu. Ukichanganya diklo, dawa fulani za presha na dawa ya kutoa maji, vitatu kwa pamoja, figo zinaelemewa. Na diklofenaki ina tatizo lake la ziada la moyo, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa onyo kwamba wenye ugonjwa wa moyo, waliowahi kupata kiharusi na wenye mishipa ya damu iliyoziba wasitumie kabisa.

Mama afanyeje na magoti? Parasetamoli anaweza, ingawa kwa magoti haisaidii sana wala sitakudanganya. Mazoezi ya kuimarisha paja na kupunguza uzito yanasaidia kweli. Dawa ya kuchua ya jeli yenye diklofenaki inaingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge, hiyo ni bora zaidi, ila kama figo au moyo ni mbovu hata hiyo aulize daktari wake kwanza. Na wewe mtoto wake kagua lile kopo anakowekea dawa, mwaga zote mezani uone kuna nini.

Nina mimba, naweza kumeza nini?

Parasetamoli, kipimo kidogo kinachotosha, siku chache. Ibuprofeni na diklo kaa mbali nazo, mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni na kupunguza maji ya uzazi, na miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga mapema mshipa kwenye moyo wa mtoto. Aspirini ile ndogo uliyoandikiwa kliniki kuzuia kifafa cha mimba ni habari nyingine, hiyo usiiache.

Ila dada sikiliza. Kichwa kikali ukiwa na mimba iliyovuka miezi mitano, hasa kama unaona nyota nyota, uso na mikono vimevimba, au panauma chini ya mbavu upande wa kulia, hicho si kichwa cha Panadol. Nenda kituo wakapime presha na mkojo siku hiyo hiyo.

Anayenyonyesha yeye parasetamoli na ibuprofeni zote anaweza.

Mtoto anachemka, nimpe nini na kiasi gani?

Kwanza umri. Mtoto chini ya miezi mitatu mwenye joto mpeleke hospitali, usianze na dawa nyumbani.

Waliovuka hapo, parasetamoli ya maji. Kipimo kinaenda kwa uzito, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kila baada ya masaa 4 mpaka 6, mara nne kwa siku na si zaidi. Chupa nyingi za huku kwetu zimeandikwa miligramu 120 kwenye mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anapata kama mililita 5. Lakini soma chupa YAKO maana kuna ya matone ambayo ni nzito sana kuliko hiyo, mililita moja tu inaweza kuwa na miligramu 100, ukimpa mililita 5 ya ile umempa mara nne ya anachotakiwa. Tumia kikombe au bomba lililokuja na dawa, vijiko vya jikoni kila kimoja kina saizi yake.

Kukata kidonge cha mtu mzima vipande na kusaga, naelewa mfuko unabana, ila kukisia robo ya kidonge kwa mtoto mdogo ni hatari, njoo tukupigie hesabu na bei ya ya maji si kubwa hivyo.

Ibuprofeni ya watoto ipo, lakini usimpe anayeharisha na kutapika, amekauka maji na figo zake zitaumia. Mwenye pumu pia muulize daktari kwanza. Aspirini watoto na vijana chini ya miaka 16 usiwape, inaweza kuleta ugonjwa wa ini na ubongo unaoitwa Reye, ni nadra lakini unaua.

Joto likishuka usishangilie mapema. Huku kwetu homa ni malaria mpaka kipimo kiseme siyo. Panadol itamfanya acheze kidogo jioni na usiku anazidiwa, kwa hiyo mpe ya kushusha joto afu mpeleke akatobolewe kidole apimwe.

Nimepima malaria hamna, lakini homa na viungo vinauma sana, nimeze diklo?

Tafadhali usimeze. Dar tulikuwa na mlipuko wa dengue 2014 na mwingine mkubwa 2019, na Mombasa nako inakuja na kurudi. Homa ya ghafla, maumivu nyuma ya macho, mifupa kama inavunjwa, vipele, inaweza kuwa ndiyo. Dengue inashusha chembe zinazogandisha damu, na aspirini, Brufen na diklo zinazidisha uwezekano wa kutoka damu. Kwa hiyo homa ambayo haijajulikana ni ya nini dawa yake ni parasetamoli na maji mengi, ORS, uji, madafu, chochote kinachopita. Fizi au pua zikianza kutoka damu, tumbo likiuma sana, kutapika hakukomi, nenda hospitali, na ujue siku ya hatari mara nyingi ni ile homa inapokata, watu wanadhani wamepona.

Tumbo la hedhi linanilaza kila mwezi, Panadol hainisaidii

Maana maumivu hayo yanatokana na zile prostaglandini kwenye mji wa mimba, kwa hiyo ibuprofeni au asidi ya mefenamiki ndo inalenga chanzo. Meza mapema, unapohisi tu inaanza au damu ikionekana, usingoje mpaka unajikunja chini. Baada ya kula, siku mbili tatu inatosha. Na mabinti zetu shuleni tusiwaambie wavumilie. Kama miezi mitatu umefanya hivyo vizuri na bado unalala kitandani, au maumivu yanaongezeka kila mwaka, au unaumia wakati wa tendo, kaonane na daktari wa kina mama.

Jino je?

Ibuprofeni na parasetamoli kwa pamoja ndo zinashika vizuri. Usiweke aspirini juu ya fizi, inaunguza nyama. Na nenda kwa daktari wa meno, dawa inakupa usiku mmoja wa kulala tu. Shavu likivimba na una homa ni siku hiyo hiyo.

Sindano ya diklo si ndo inafanya haraka?

Inaanza mapema kidogo lakini dawa ni ile ile na madhara ni yale yale, ukiongezea jipu na hatari ya kuchomwa mshipa wa fahamu na mguu kupooza. Mtu anayeweza kumeza ameze. Na duka la dawa si mahali pa kuchomwa sindano.

Nimekunywa pombe jana, naweza kumeza Panadol ya kichwa?

Bia mbili za jana kwa mtu mwenye afya, kidonge kimoja au viwili hamna neno. Mnywaji wa kila siku, wa gongo au wa konyagi, ini lake limeshachoka na parasetamoli nyingi inalimaliza, na Brufen nayo inamtoboa tumbo. Huyo aulize kabla ya kumeza yoyote. Kwanza kunywa maji, kichwa cha asubuhi ile kingi ni ukavu.

Nimefunga Ramadhani, dawa nimeze saa ngapi?

Ibuprofeni usimeze ukiwa umefunga hata kama umeamua kufungulia nayo, subiri mpaka umekula futari vizuri. Dozi nyingine baada ya daku. Parasetamoli haihitaji chakula. Kama ni dawa ya mara tatu kwa siku na maumivu ni makali, uliza, zipo za kumeza mara mbili.

Vidonge vya bei rahisi vinafanya kazi sawa na Panadol yenyewe?

Ndiyo, parasetamoli 500 ni parasetamoli 500, mradi imesajiliwa na TMDA, yaani mamlaka ya dawa ya Tanzania, na umenunua famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali ukutani. Na ndugu anayekutumia Tylenol kutoka Marekani, ile ni parasetamoli hii hii, wao wanaiita asetaminofeni. Advil ni ibuprofeni, Aleve ni naproksini. Watu wanaweka Tylenol kabatini kama dawa kubwa ya nje na kuimeza pamoja na Panadol, ni kumeza kitu kimoja mara mbili.

Mtu amemeza Panadol nyingi sana lakini anaonekana mzima, tusubiri?

MSISUBIRI. Hili andika kwenye kichwa. Siku ya kwanza anaweza kuwa na kichefuchefu tu au asiwe na kitu chochote, anaongea, anakula, kumbe ini linaanza kufa, na siku ya pili ya tatu ndo macho yanakuwa ya njano. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8 tangu ameze. Mpelekeni hospitali kubwa na maboksi matupu mkononi ili wahesabu. Kama amemeza kwa kukusudia msimgombeze njiani, kaeni naye, mshikeni mkono.

Nikinunua viwili viwili vya kukata inatosha?

Inatosha, hali tunaijua. Lakini kipande kikikatwa mara nyingi jina na tarehe ya kuisha muda vinabaki dukani. Kabla muuzaji hajakata mwambie akuonyeshe tarehe, afu akuandikie kwenye kibahasha jina la dawa, miligramu na saa za kumeza. Ukipewa vidonge vya rangi tatu nne vimefungwa kwenye karatasi bila jina, unaambiwa "meza vyote hivi mgongo utaisha", virudishe. Mara nyingine mle ndani wanaweka na steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, mgongo unaisha kweli wiki ile, na uso unavimba na sukari inapanda miezi inayofuata.